Mfungwa wa Jimbo Mbele ya Jaji wa Shirikisho: Mwongozo wa Ombi la Habeas Corpus Marekani

Mtu akishatiwa hatiani na mahakama ya jimbo nchini Marekani, na rufaa zake za jimboni zikagonga mwamba, sheria bado inamwachia njia moja. Anaweza kwenda mbele ya jaji wa shirikisho na kueleza kwamba anashikiliwa kinyume cha Katiba ya nchi hiyo. Njia hiyo ndiyo ombi la habeas corpus. Katiba ya Marekani inakataza haki hii isiondolewe ila pakiwa na uasi au uvamizi, na wafungwa wa majimbo walifunguliwa rasmi mlango huo mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika.

Mlango huo ulibanwa mwaka 1996. Bomu la Oklahoma City lilikuwa limeua watu 168 mwaka uliotangulia, na Bunge likapitisha sheria kali kuhusu ugaidi na adhabu ya kifo, ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 24 Aprili 1996. Ndani yake mna vifungu vinavyomgusa kila mfungwa wa jimbo, hata yule aliyefungwa kwa wizi wa gari: muda wa mwaka mmoja wa kuleta ombi, vizuizi vizito kwa anayetaka kuleta ombi la pili, na kizingiti kirefu cha kumshawishi jaji.

Nakuandikia wewe mwenye mtoto, mume, dada au mpwa aliyefungwa huko. Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo na Burundi kwa njia ya ukimbizi, sasa zinaishi Texas, Kentucky, Ohio, Arizona na kwingineko, na palipo na watu hapakosi kesi. Mara nyingi neno habeas corpus linafika kwenye familia likiwa limechelewa, kupitia mfungwa mwenzake au kupitia mtu anayetaka pesa. Ombi linaweza kufa kabla jaji hajauliza kama mfungwa alitendewa haki, kwa sababu tu limechelewa au limeruka ngazi. Ndiyo maana humu nitakaa sana kwenye tarehe. Ukipata wakili, mfuate wakili. Usipompata, haya ndiyo mambo ya kuanza nayo.

Je, hii ndiyo njia yake?

Ninachoeleza hapa ni ombi la kifungu cha 2254 cha Sheria za Marekani, juzuu ya 28. Ni la mtu anayetumikia adhabu ya mahakama ya jimbo. Aliyehukumiwa na mahakama ya shirikisho anatumia kifungu cha 2255 na anapeleka maombi kwa mahakama ileile iliyomhukumu. Anayeshikiliwa na idara ya uhamiaji akisubiri kurudishwa kwao anatumia kifungu cha 2241, ambacho taratibu zake ni nyingine kabisa. Huyo mtafutie wakili wa uhamiaji leo, si kesho, kwa sababu anaweza kuhamishiwa jimbo lingine usiku mmoja.

Anayelalamikia chakula, matibabu au kupigwa na askari wa gereza naye njia yake si hii. Hayo ni madai ya haki za kiraia. Habeas corpus inahoji uhalali wa kifungo chenyewe au urefu wake.

Sharti jingine ni kwamba lazima awe bado anashikiliwa siku ombi linapofunguliwa. Aliyetolewa kwa parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla adhabu haijaisha, anahesabiwa kuwa bado anashikiliwa. Lakini adhabu ikishakwisha kabisa, mlango umefungwa, hata kama hukumu hiyo bado inamletea madhara. Hapa wahamiaji wanaumia sana. Mtu anatumikia miezi kumi na minane, anatoka, halafu anaambiwa hukumu ile ndiyo sababu ya kumwondoa nchini. Anapotaka kuipinga kwa habeas corpus anajibiwa kwamba hashikiliwi tena kwa hukumu hiyo. Kama adhabu ya ndugu yako ni fupi na yeye si raia, zungumzeni na wakili akiwa bado ndani.

Mwaka mmoja unavyohesabiwa

Mwaka unaanza siku hukumu inapokuwa ya mwisho, na siku hiyo haifanani kwa kila mtu. Aliyekata rufaa mpaka mahakama ya juu kabisa ya jimbo lake, hukumu yake inakuwa ya mwisho siku 90 baada ya mahakama hiyo kumkatalia. Siku hizo 90 ndizo za kuiomba Mahakama ya Juu ya Marekani isikilize kesi, na zinahesabiwa hata kama hakuomba. Akiomba akakataliwa, mwaka unaanza siku ya kukataliwa. Aliyeishia kwenye mahakama ya rufaa ya kati bila kwenda ngazi ya juu ya jimbo hapati hizo siku 90. Mwaka wake unaanza pale muda wa kwenda ngazi hiyo ulipokwisha. Na aliyekiri kosa kwa makubaliano na mwendesha mashtaka, asikate rufaa kabisa, mwaka wake unaanza muda wa rufaa ulipokwisha, ambao katika majimbo mengi ni siku 30. Huyu wa mwisho ndiye anayepoteza mwaka wake bila hata kujua kwamba ulikuwa umeanza.

Tuchukue mfano wa tarehe. Mahakama ya juu ya jimbo ilimkatalia mwanao tarehe 14 Januari 2025. Ongeza siku 90: unafika tarehe 14 Aprili 2025. Mwaka wake unakwisha tarehe 14 Aprili 2026. Ombi likifunguliwa tarehe 15, limechelewa, na upande wa jimbo utaomba litupwe.

Kuna jambo moja la kawaida linalosimamisha hesabu hiyo: ombi la mapitio baada ya hukumu, lililofunguliwa katika mahakama ya jimbo kwa kufuata taratibu za jimbo hilo. Likiwa bado linasikilizwa, siku hazihesabiwi. Tuseme mwanao alilifungua tarehe 14 Oktoba 2025. Siku 183 zilikuwa zimekwisha kutumika, zimebaki 182. Mahakama za jimbo zikamaliza kulishughulikia, pamoja na rufaa yake, tarehe 20 Mei 2026. Siku zilizobaki zinaendelea hapohapo, na mwisho wake ni tarehe 18 Novemba 2026. Mwaka hauanzi upya. Ukiona mtu anakuambia kwamba baada ya mapitio mwanao ana mwaka mzima mpya, usimsikilize.

Mitego iko mingi, na yote ninayoitaja hapa imeshaamuliwa na Mahakama ya Juu au imeandikwa kwenye sheria. Ombi la mapitio lililopelekwa jimboni nje ya muda wa jimbo halisimamishi chochote. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa 2005. Kuomba Mahakama ya Juu ya Marekani ipitie kukataliwa kwa mapitio hakusimamishi siku, na zile siku 90 za mwanzo hazirudi tena katika hatua hii. Hilo liliamuliwa 2007. Ombi la habeas corpus lenyewe, likiwa limekaa mezani kwa jaji wa shirikisho, nalo halisimamishi hesabu. Likitupwa baada ya miezi kumi na minne kwa kasoro ya utaratibu, mfungwa anajikuta hana muda wa kuleta jingine.

Mtego ninaoona mbaya kuliko yote uko katika majimbo ambayo yenyewe hayaweki ukomo wa wazi. Texas haina tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa maombi ya mapitio ya kesi zisizo za kifo. New York nayo inaruhusu ombi la kufuta hukumu liletwe wakati wowote. Mfungwa anasikia hivyo, anatulia, anakusanya nyaraka taratibu kwa miaka miwili. Jimbo linampokea vizuri. Anapofika shirikisho anaambiwa mwaka wake ulikwisha kabla hajafungua hata hilo ombi la jimbo, na hakuna kilichobaki cha kusimamishwa. Hesabuni mwaka wa shirikisho hata kama jimbo linasema hakuna haraka.

Zipo tarehe nyingine za kuanzia, kwa nadra. Mwaka unaweza kuanza siku kizuizi kilichowekwa na serikali ya jimbo kinyume cha Katiba kilipoondolewa. Unaweza kuanza siku Mahakama ya Juu ilipotambua haki mpya na haki hiyo ikatangazwa kuwa inawafaa hata waliokwisha hukumiwa. Au siku ambayo mtu makini angeweza kuugundua ukweli unaotegemewa, kwa mfano kwamba polisi walificha ushahidi. Soma vizuri maneno hayo: ni siku ambayo mtu makini angegundua, hata kama ndugu yako aligundua baadaye.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilikubali pia kwamba muda unaweza kuongezwa kwa huruma ya sheria, mfungwa akionyesha mambo mawili: alikuwa akifuatilia haki zake kwa bidii, na kitu kisicho cha kawaida kilimzuia. Wakili kukosea kuhesabu siku hakutoshi. Wakili kumtelekeza mteja kabisa kunaweza kutosha. Mwaka 2013 iliongeza kwamba ushahidi mpya na mzito wa kutokuwa na hatia unaweza kufungua mlango hata muda ukiwa umepita, lakini lazima uwe ushahidi ambao mtu mwenye akili timamu akiuona asingemtia hatiani.

Kutojua Kiingereza

Hili linatuhusu moja kwa moja. Kutojua Kiingereza peke yake hakumwongezei mfungwa muda. Lakini mahakama ya rufaa ya Mzunguko wa Tisa, inayohudumia California, Arizona, Washington na majimbo mengine ya magharibi, ilisema mwaka 2006 kwamba mfungwa asiyejua Kiingereza anaweza kuongezewa muda akithibitisha kwamba alijitahidi na bado hakupata nyaraka za sheria kwa lugha yake wala mtu wa kumtafsiria, awe mfungwa mwenzake, mhudumu wa maktaba au mtu wa nje. Mzunguko wa Pili, unaohudumia New York, Connecticut na Vermont, ulikubali mwaka 2008 kwamba jambo hilo linawezekana, ila wafungwa waliokuwa mbele yake walikosa kwa sababu hawakuonyesha juhudi zao.

Kwa hiyo juhudi ziandikwe. Ndugu yako aombe mkalimani wa Kiswahili kwa barua, abaki na nakala. Aombe vitabu vya sheria kwa fomu ya gereza, abaki na nakala ya fomu na ya jibu. Akinyimwa, alalamike kwa utaratibu wa malalamiko wa gereza, na karatasi hizo azitunze. Karatasi yenye tarehe itamsaidia kuliko maelezo ya mdomo miaka mitatu baadaye.

Kila hoja ianzie jimboni

Mahakama ya shirikisho haisikilizi hoja ambayo mahakama za jimbo hazikupewa nafasi ya kuisikiliza. Kila hoja lazima iwe imepita ngazi zote za jimbo, mpaka mahakama ya juu kabisa, hata pale ambapo mahakama hiyo ina hiari ya kukataa kuisikiliza. Na haitoshi kusema jimboni kwamba kesi haikuwa ya haki. Lazima hoja iwe imetajwa jimboni kama hoja ya Katiba ya Marekani. Kama mfungwa alilalamika tu kwamba wakili wake alikuwa mbaya, bila kutaja Marekebisho ya Sita ya Katiba, yanayompa mshtakiwa haki ya wakili, au uamuzi wa shirikisho unaohusu jambo hilo, anaweza kuambiwa hoja hiyo haikuwahi kufikishwa. Naliona ni sharti kali mno kwa mtu anayeandika bila wakili, lakini ndilo lililopo, na kuongeza sentensi moja mapema kunalimaliza.

Akiwa na hoja tano, nne zimepita jimboni na moja haijapita, ombi lote linaweza kurudishwa. Anaweza kuiondoa hiyo moja akaendelea na nne. Au anaweza kumwomba jaji alisimamishe ombi wakati anairudisha hoja ya tano jimboni. Mahakama ya Juu iliruhusu hivyo mwaka 2005, kwa sharti kwamba kuwe na sababu ya msingi ya kuchelewa, hoja yenyewe iwe na uzito, na mfungwa asiwe anapoteza muda kwa makusudi.

Hoja iliyokufa jimboni kwa kukiuka utaratibu wa jimbo, shirikisho nako huhesabiwa imekufa. Roger Coleman wa Virginia alibanwa na kanuni hii kwa namna ambayo wanasheria hawajaisahau: mawakili wake walichelewa siku tatu kuwasilisha taarifa ya rufaa ya mapitio, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ikasema hoja zake za shirikisho hazitasikilizwa. Aliuawa kwa kiti cha umeme Mei 1992. Vipimo vya vinasaba vya mwaka 2006 vilimwonyesha kuwa mhusika, lakini kanuni iliyowekwa kwa kesi yake inawabana wenye hatia na wasio na hatia sawasawa. Mwaka 2012 Mahakama ililegeza kidogo kwa wale ambao wakili wa mapitio alizembea kuleta hoja ya uzembe wa wakili wa kesi ya awali. Mwaka 2022 ikakaza tena: hata hoja ikipita, ushahidi ambao wakili huyo mzembe hakuuleta jimboni kwa kawaida hautapokelewa shirikisho.

Maana yake ni kwamba kazi kubwa ya habeas corpus inafanyika jimboni. Shahidi ambaye hakuitwa, daktari ambaye hakuhojiwa, risiti ya duka inayoonyesha alikuwa mji mwingine: vyote viingie kwenye jalada la mapitio la jimbo, kwa viapo vilivyotiwa saini. Jaji wa shirikisho kwa kawaida atatazama jalada hilo tu.

Hoja zenye uwezo wa kusimama

Jaji wa shirikisho hatasikiliza kesi upya. Hataangalia kama adhabu ilikuwa kali mno kwa maoni yake au kama jimbo lilitafsiri vibaya sheria yake lenyewe. Anauliza kama uamuzi wa jimbo ulikwenda kinyume na sheria iliyowekwa wazi na Mahakama ya Juu ya Marekani, au uliitumia bila busara yoyote, au ulisimama juu ya maelezo ya ukweli yasiyo na mashiko. Kukosea kwa kawaida hakutoshi. Lazima liwe kosa ambalo majaji wenye haki wasingeweza kubishana juu yake.

Tazama jinsi kipimo hicho kinavyowagusa watu wetu. Mwaka 1970 Mzunguko wa Pili ulimwachilia kibarua mmoja kutoka Puerto Rico aliyehukumiwa New York bila kutafsiriwa yale mashahidi waliyosema dhidi yake. Uamuzi ule ni wa heshima na bado unatajwa. Lakini ni uamuzi wa mahakama ya rufaa, na sheria ya 1996 inahesabu maamuzi ya Mahakama ya Juu peke yake. Hivyo mfungwa ambaye mkalimani wake wa Kiswahili alibabaisha asiishie kusema kwamba alikosa mkalimani. Aeleze jinsi alivyoshindwa kuwasiliana na wakili wake, jinsi alivyoshindwa kuelewa na kuwahoji mashahidi, jinsi alivyokiri kosa bila kuelewa anakiri nini. Hizo ni haki ambazo Mahakama ya Juu yenyewe imezisimamia.

Hoja nyingine inayowafaa wahamiaji ni ya mwaka 2010. José Padilla, aliyezaliwa Honduras, alikiri kosa huko Kentucky baada ya wakili kumwambia asiwe na wasiwasi kuhusu kuondolewa nchini. Mahakama ya Juu ikaamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari hiyo. Kesi zilizokuwa za mwisho kabla ya uamuzi huo hazinufaiki nao. Na kwa hoja yoyote ya uzembe wa wakili, kipimo ni cha mwaka 1984: wakili alifanya kazi chini ya kiwango, na kama angefanya ipasavyo kuna uwezekano wa kweli kwamba matokeo yangekuwa mengine. Nusu ya pili ndiyo wengi wanayoisahau kuiandika.

Kuijaza fomu

Fomu hupatikana bure kwa karani wa mahakama ya wilaya ya shirikisho. Ya kitaifa ina namba AO 241, na wilaya nyingine zina ya kwao. Iombeni kwa barua. Ombi linafunguliwa katika wilaya alikofungwa au, ndani ya jimbo hilohilo, wilaya alikohukumiwa. Anayelalamikiwa ni ofisa anayemshikilia, kwa kawaida mkuu wa gereza, wala si jimbo wala jaji aliyehukumu. Ada ni dola 5. Asiye nazo anaomba asamehewe, na anaambatanisha cheti cha gereza kinachoonyesha salio la akaunti yake. Cheti hicho huchukua muda kutoka, kiombwe mapema.

Ndani ya fomu, taja kila hoja unayoitaka isikilizwe, kwa sababu ombi la pili haliruhusiwi ila kwa kibali cha mahakama ya rufaa, na kibali hicho hutolewa kwa nadra. Chini ya kila hoja andika ukweli: nani alifanya nini, lini, ukurasa gani wa mwenendo wa kesi unaonyesha hivyo. Kusema tu kwamba haki za Katiba zilivunjwa hakumpi jaji kitu cha kushika. Andika pia kila hoja ilipelekwa mahakama gani ya jimbo na ilikataliwa lini. Mwisho sema unachoomba. Mwandiko wa mkono unakubalika ukisomeka. Clarence Earl Gideon aliandika kwa penseli akiwa gerezani Florida, na karatasi zake zikaleta uamuzi wa 1963 uliompa kila maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa haki ya wakili. Ombi liandikwe kwa Kiingereza, na hati yoyote ya Kiswahili au Kifaransa iambatane na tafsiri. Litiwe saini chini ya adhabu ya kusema uongo, na litumwe nakala halisi pamoja na nakala mbili.

Kama ana hukumu za mahakama mbili tofauti, kila moja iwe na ombi lake.

Kulituma kutoka gerezani

Mwaka 1988 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mfungwa wa Tennessee aliyewakabidhi askari taarifa yake ya rufaa siku ya 27, karani akaigonga muhuri siku ya 31, wakati kikomo kilikuwa siku 30. Ikasema karatasi ya mfungwa asiye na wakili inahesabiwa imefunguliwa siku anapoikabidhi kwa gereza, kwani baada ya hapo haimo mikononi mwake. Kanuni za habeas corpus sasa zinasema hivyo kwa maandishi. Lakini kama gereza lina utaratibu maalumu wa barua za kisheria, lazima autumie huo. Aweke tamko lililotiwa saini, linalotaja tarehe aliyoikabidhi bahasha na kwamba stempu ya daraja la kwanza imelipiwa. Na usingoje siku ya mwisho: gereza likifungwa ghafla kwa ukaguzi, hata sanduku la barua halifikiki. Maofisa hawana mamlaka ya kulizuia ombi kwa kudai halijaandikwa vizuri. Hilo lilikatazwa tangu 1941.

Kusaidiwa na nani

Hakuna haki ya wakili wa serikali katika hatua hii, isipokuwa jaji akiitisha usikilizaji wa ushahidi kwa mfungwa maskini, au kwa kesi za kifo. Jaji anaweza kumteua wakili akiona haki inahitaji hivyo, kwa hiyo iombwe. Ulizeni pia kliniki za sheria za vyuo vikuu. Mfungwa mwenzake anaruhusiwa kumsaidia kuandika. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1969 kwamba gereza haliwezi kukataza msaada huo bila kutoa mbadala.

Wewe ndugu wa nje huwezi kusimama mahali pa wakili, na ukiandika na kutia saini kwa niaba yake ombi linaweza kukataliwa, ila kama ugonjwa wa akili au sababu nyingine nzito inamzuia yeye mwenyewe. Unachoweza ni kutafuta nyaraka, kutafsiri, kulipa dola 5 na kufuatilia kwa karani. Jihadhari na mtu asiye wakili anayeahidi kumtoa ndugu yako kwa malipo.

Baada ya kufungua

Jaji hulisoma kwanza peke yake, na likionekana wazi halina msingi hulitupa bila jimbo kuitwa. Likipita, jimbo huamriwa kujibu, na ndugu yako ana nafasi ya kujibu jibu hilo. Kisha huwa kimya, pengine kwa zaidi ya mwaka. Akihamishwa gereza, aiandikie mahakama anwani mpya wiki hiyohiyo. Ombi linaweza kufutwa kwa sababu barua ya mahakama ilirudi.

Akishindwa, ana siku 30 za kuwasilisha taarifa ya rufaa, na anahitaji cheti cha kuruhusiwa kukata rufaa, kinachotolewa akionyesha kwamba majaji wenye busara wangeweza kutofautiana kuhusu hoja yake. Katika hatua hii asiamini hata tarehe anayopewa na jaji mpaka aihakiki. Katika kesi ya Bowles ya Ohio, iliyoamuliwa 2007, jaji alimwandikia mfungwa siku 17 mahali ambapo sheria iliruhusu 14. Rufaa ikaletwa ndani ya siku alizopewa, lakini nje ya zile 14. Kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu ikasema imechelewa.

Basi anza leo. Mwandikie karani wa mahakama ya jimbo umwombe orodha ya matukio yote ya kesi ya ndugu yako pamoja na tarehe zake. Ikifika, hesabu siku kwa kalenda, mwambie na yeye ahesabu zake huko ndani, na mkitofautiana chukueni ile tarehe ya mapema zaidi.